Kuchunga Ng'ombe Kwenye Alfalfa Bila Kuwapoteza

Ng'ombe anayekufa kwenye alfalfa saa tatu asubuhi, mara nyingi kifo chake kilianza usiku uliotangulia, alipolala hori likiwa tupu. Kulipokucha lango likafunguliwa, akaingia kwenye majani mabichi yenye umande, akala kwa pupa bila kuinua kichwa. Saa mbili hazijapita, ubavu wa kushoto umetuna na anahema mdomo wazi. Daktari wa mifugo anafika na kukuta mzoga, na majirani wanasema alfalfa ina sumu.

Haina. Ni miongoni mwa malisho bora kabisa ambayo mfugaji wa maziwa anaweza kuyapata. Kinachoua ni namna ng'ombe anavyoingizwa: ana njaa kiasi gani, ni saa ngapi, mmea umefikia umri gani, na kitu gani kingine kimo tumboni mwake. Mambo hayo manne yote yako mikononi mwa mfugaji, na ndiyo maana kila ng'ombe anayepotea kwa njia hii huniuma. Angeweza kuishi.

Alfalfa, ambayo wengi katika nyanda za juu huiita lusini, ni mmea wa jamii ya mikunde. Ikivunwa inapoanza kuchanua, protini ghafi huwa kati ya asilimia 18 na 22 ya uzito wake mkavu, wakati matete yaliyokomaa mara nyingi hayafiki nusu ya hapo. Mizizi yake hushuka mita 2 au 3, na zaidi udongo ukiruhusu, kwa hiyo hubaki kijani wakati nyasi za juujuu zimekwisha kukauka. Bakteria waishio kwenye vinundu vya mizizi huipatia naitrojeni kutoka hewani, hivyo haihitaji yuria.

Nyandarua, Kiambu, Meru, Arusha na kwingineko kwenye ng'ombe wa maziwa, wengi huikata na kuwapelekea ng'ombe bandani. Ndivyo ilivyo pia Oman, ambako alfalfa ya mashamba yanayonyweshwa kwa mifereji ya falaji imekuwa ikikatwa kwa ajili ya mifugo tangu zamani. Mwenye ng'ombe wawili na robo ekari namshauri bila kusita aendelee hivyo: akate, ainyaushe, apeleke horini. Kuchunga moja kwa moja shambani kunamfaa mwenye ekari kadhaa, uzio, maji ya kunywesha na mtu wa kuangalia. Huko Argentina, kwenye tambarare za Pampas, ng'ombe wa maziwa na wa nyama hulishwa kwenye malisho ya alfalfa iliyochanganywa na nyasi, na sehemu kubwa ya maarifa ya kuchunga alfalfa imetoka huko na magharibi mwa Kanada. Mengi yanatufaa na sisi, mradi tuyapime kwa mvua na udongo wetu.

Povu tumboni

Tumbo la kwanza la ng'ombe, yaani rumeni, huchachusha chakula mchana na usiku na kutoa makumi ya lita za gesi kila saa. Kwa kawaida gesi hiyo huelea juu ya chakula, na ng'ombe huitoa kwa kubeua. Jani changa la alfalfa lina ngozi nyororo. Likitafunwa hupasuka upesi, na protini yake huyeyuka kwenye maji ya rumeni kabla vijidudu havijaimaliza. Protini hiyo hufunika kila kiputo cha gesi, na viputo havipasuki wala haviungani. Gesi inabaki imenaswa ndani ya chakula kama povu la sabuni lililojaa ndoo. Povu likigusa mlango wa umio, mlango haufunguki, na ng'ombe hawezi kubeua. Rumeni hupanuka, hukandamiza mapafu na mishipa mikubwa ya damu, na mnyama hufa kwa kukosa pumzi.

Mfugaji anayelielewa povu hili hahitaji kukariri orodha ya makatazo. Chochote kinacholifanya jani livunjike polepole, au kinachopunguza kasi ya kula, au kinacholivunja povu lenyewe, ni kinga. Chochote kinachofanya kinyume chake ni hatari.

Umri wa mmea ndio wa kwanza. Alfalfa changa, yenye majani mengi na mashina laini, ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Ikitoa vitumba vya maua hatari hupungua, na ikichanua kabisa ni nadra kumvimbisha ng'ombe. Majaribio ya muda mrefu yaliyofanyika Kamloops, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, yalionyesha hivyo. Ni kweli kwamba mmea uliochanua una nyuzi nyingi zaidi na protini pungufu, na maziwa yatashuka kidogo. Hata hivyo, mfugaji anayeanza asiingize ng'ombe kabla hajaona angalau ua moja katika kila mashina 10, na kundi ambalo halijawahi kula alfalfa lingoje maua yaongezeke zaidi ya hapo. Lita chache za maziwa hazilipi thamani ya mtamba mmoja.

Jambo la pili ni njaa, na hapa ndipo ng'ombe wengi wanapopotea. Kabla ya kuingia, kila ng'ombe mkubwa apewe kilo 2 hadi 4 za hei, iwe ya nyasi za Rhodes au nyingine, au mabua makavu ya mahindi yasiyo na ukungu. Chakula hicho kiwe kirefu na kigumu, cha kumlazimisha acheue, kwa sababu kucheua huleta mate na mate hulipunguza povu. Pumba na mahindi yaliyosagwa hayachukui nafasi ya hei. Unga laini wenyewe unaweza kuzidisha povu. Kuwe na hei ya kutosha ili hata ng'ombe wanyonge wasukumwao pembeni wapate fungu lao, maana mnyonge akikosa hei ndiye atakayeingia shambani akiwa na njaa kuliko wote.

Tatu ni saa. Ingiza ng'ombe alasiri, kuanzia saa nane hivi, umande ukiwa umekauka na matumbo yakiwa na kitu. Majaribio ya huko Kanada yaliona matukio ya kuvimba yakipungua sana pale ng'ombe walipopelekwa malishoni mchana badala ya asubuhi mapema. Mvua ikinyesha, subiri majani yakauke. Maeneo ya juu yenye sakitu, kama Kinangop na Kitulo, yana hatari ya ziada: umande ukiganda juu ya majani, chembe za jani hupasuka, na malisho hayo huwa hatari kwa siku kadhaa baadaye. Wape hei bandani mpaka siku hizo zipite.

Wakulima wa Argentina wana njia moja ninayoipenda kwa urahisi wake. Hukata ukanda wa alfalfa, huuacha ardhini unyauke kwa siku nzima, halafu huwaruhusu ng'ombe waule hapo hapo. Kunyauka hupunguza maji na kulifanya jani livunjike polepole tumboni. Huhitaji mashine kwa kundi dogo; panga au fyekeo linatosha. Kwa wiki ya kwanza ya mazoezi sijui njia nyingine iliyo salama kuliko hiyo.

Zoezi lenyewe lianze na muda wa saa moja tu alasiri siku ya kwanza, liongezeke kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Ng'ombe wakishazoea, usiwatoe na kuwarudisha ovyo. Kundi linalokula alfalfa kila siku huvimba mara chache kuliko kundi linaloingia leo, likakosa kesho, likarudi keshokutwa. Siku ya josho, siku ya chanjo, siku mchungaji alipokwenda msibani: siku kama hizo hukatiza mazoea. Ng'ombe wakikosa alfalfa siku mbili au tatu, wanaporudi watendewe kama wageni, kwa hei tele na muda mfupi.

Wapo ng'ombe ambao huvimba mara kwa mara hata wenzao wakiwa wazima, na hali hiyo huweza kurithiwa na watoto wao. Mnyama wa namna hiyo afugwe kwa malisho mengine, na usichague fahali wa kundi kutoka uzao wake.

Dawa za kuzuia povu zipo pia. Poloksalini huchanganywa na chakula cha ziada na kuanza kutolewa siku mbili kabla ya kuingia malishoni. Inafanya kazi vizuri, ila ulinzi wake ni wa saa 12 hivi, na ng'ombe asiyemaliza chakula chake hana kinga. Monensini nayo hupunguza tatizo bila kuliondoa. Mwenye punda au farasi aiogope monensini, kwa kuwa kiasi kisichomdhuru ng'ombe humuua punda. Hori la ng'ombe lisiwe mahali ambapo punda anaweza kutia mdomo. Kipimo cha dawa hizi kitoke kwa daktari wa mifugo.

Nyasi ndani ya alfalfa

Jambo la nne ni kitu kingine kilichomo tumboni. Kwa mwenye nia ya kuchunga, kosa kubwa ni kupanda alfalfa peke yake. Ikichanganywa na nyasi, na nyasi zikafikia nusu au zaidi ya malisho kwa uzito, hatari ya kuvimba hushuka sana, ng'ombe hupata nishati ya kuitumia ile protini, na udongo hushikwa vizuri. Maeneo ya joto la wastani yanafaa nyasi za Rhodes. Juu zaidi kwenye baridi, kama Molo na Kinangop, nyasi za rai na koksifuti hustawi. Tatizo ni kwamba ng'ombe huchagua. Akipewa eneo pana hutembea akichuma ncha za alfalfa na kuziacha nyasi, na siku hiyo mchanganyiko wako mzuri haukumkinga na kitu. Ukanda mwembamba wa siku moja humlazimisha ale vyote viwili.

Desmodiamu, ambayo wakulima wengi wa Kenya wanaijua kwa kuzuia kidusia cha mahindi, ni mkunde mwingine wa kufikiria. Ina tanini, na tanini huishika protini isitengeneze povu; mikunde yenye tanini ya kutosha haivimbishi ng'ombe. Haitoi mavuno ya alfalfa iliyomwagiliwa vizuri, lakini aliye na shamba la mbali, asiye na mtu wa kukaa na ng'ombe, nadhani inamfaa zaidi.

Hesabu ya ukanda

Watu hugawa vitalu kwa kukisia, na kukisia huishia ama kwa ng'ombe kushinda njaa ama kwa mmea kugugunwa hadi kwenye udongo. Pima. Tengeneza fremu ya miti ya mita 1 kwa mita 1, iweke mahali pa kawaida, kata kilichomo kwa kuacha kimo cha vidole vinne, upime kwa mizani. Rudia sehemu kadhaa upate wastani.

Tuseme umepata kilo 1 ya majani mabichi kwa kila mita ya mraba. Alfalfa mbichi ni takriban asilimia 20 tu ya kitu kikavu, kwa hiyo una gramu 200. Ng'ombe wa kilo 400 hula kama kilo 12 za kitu kikavu kwa siku, na tunataka nusu yake, yaani kilo 6, itoke kwenye alfalfa. Iliyobaki ni nyasi, hei na chakula cha maziwa. Ng'ombe 10 wanahitaji kilo 60. Kwa kuwa wanakanyaga na kuchafua, watakula kama asilimia 65 ya kilichopo. Kila mita ya mraba basi inawapa gramu 130, na kilo 60 zinahitaji mita za mraba 460 hivi, yaani ukanda wa mita 20 kwa mita 23 kwa siku. Ukiupumzisha mmea kiasi kwamba wanarudi pale pale siku ya 35, unahitaji kama ekari 4 kwa ng'ombe hao 10. Mwenye ekari 2 asiwaongoze 10 humo akitegemea muujiza. Awaingize 5, au awape nusu ya kiasi hicho.

Uzio wa umeme wa waya mmoja, unaohamishwa kila siku, ndio unaoirahisisha kazi hii. Sogeza pia waya wa nyuma. Usipofanya hivyo, ng'ombe watarudi kwenye ukanda wa jana na juzi kutafuta machipukizi, na hapo ndipo alfalfa inapoanza kufa.

Mmea huu hujiotesha upya kutoka kwenye kichwa cha mzizi, kwa kutumia wanga uliohifadhiwa mzizini. Ukikatwa, akiba hiyo hushuka wakati machipukizi yanatoka, kisha hurudi taratibu hadi maua. Machipukizi yakiliwa kabla akiba haijarudi, mzizi hutoa tena kilichobaki, na baada ya mara chache hauna cha kutoa. Ndiyo sababu kitalu kimoja kisikaliwe zaidi ya siku 5 mfululizo, na mapumziko yawe siku 30 hadi 40, marefu zaidi kwenye baridi na kiangazi. Acha kimo cha sentimita 5 hadi 8. Udongo ukilowa hadi kwato zinazama, toa ng'ombe wote siku hiyo, hata kama zamu yao haijaisha, kwa kuwa kwato huvunja vichwa vya mizizi na maji yakituama juu yake mizizi huoza. Alfalfa mpya isichungwe hadi imechanua mara ya kwanza na kung'ang'ana ardhini kiasi kwamba ukiivuta kwa mkono haing'oki. Mavuno ya kwanza ni bora yakatwe.

Akivimba

Mtu akae na kundi kwa saa mbili za kwanza kila linapoingia, hasa wiki ya kwanza. Dalili ya mapema ni kuacha kula, kutotulia, kujipiga teke tumboni, na kile kishimo cha ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu, kujaa na kukaza kama ngoma.

Ukimwona mmoja, toa kundi zima kwenye alfalfa mara moja, kwa maana wengine wako njiani. Mpigie daktari wa mifugo hapo hapo, kabla hujajaribu lolote. Msimamishe mgonjwa kwenye mwinuko, miguu ya mbele ikiwa juu, na umtembeze polepole. Kama bado amesimama na anameza, mnyweshe mafuta ya kula, ya alizeti au ya aina nyingine ya jikoni, kati ya mililita 250 na 500 kwa ng'ombe mkubwa, kwa chupa ya plastiki. Kichwa kiwe sawa na mgongo, kisiinuliwe juu, na ulimi usivutwe nje. Mafuta yakiingia mapafuni utakuwa umemuua kwa njia nyingine. Akikohoa, achana naye kidogo. Aliyelala chini asinyweshwe. Mafuta ya taa na mafuta ya gari si dawa, na nawasihi wazazi wetu wanaoyatumia kwa mazoea waache.

Daktari anaweza kupitisha mpira hadi rumeni na kuingiza dawa ya kuvunja povu. Kutoboa ubavu kwa chuma cha troka ni hatua ya mwisho, ng'ombe anapokaribia kuanguka, na hata hapo povu zito huziba mrija wake. Mara nyingine daktari hulazimika kupasua tundu kubwa zaidi. Ushirika wa maziwa unaochunga alfalfa unafaa kuwa na dawa ya povu na mpira wa tumbo mahali ambapo hapafungwi Jumapili.

Ng'ombe mwenye mimba aliyebakiza wiki tatu kuzaa asipelekwe kwenye alfalfa tupu. Ina kalisi na potasiamu nyingi, na huchangia homa ya maziwa, ile inayomwangusha mama saa chache baada ya kuzaa. Mpe nyasi na chakula cha kipindi hicho, umrudishe polepole baada ya kuzaa. Alfalfa ina fosforasi kidogo ukilinganisha na kalisi, hivyo chumvi ya madini yenye fosforasi iwepo mahali wanapoifikia. Maji ya kunywa nayo yasiwe mbali.

Udongo na miaka ya baadaye

Yote haya hayana maana pahali ambapo mmea wenyewe haukai. Alfalfa hutaka udongo usiotuamisha maji, wenye pH ya 6.5 hadi 7.5. Panapostawi chai ni panapokufa alfalfa, kwa kuwa chai hupenda udongo wa asidi. Kwenye maeneo hayo lazima upime udongo na kuweka chokaa miezi kadhaa kabla ya kupanda, na wengine wataona gharama hailipi. Mbegu ichanganywe na bakteria wake ikiwa alfalfa haijawahi kupandwa hapo. Kwa kuwa ng'ombe na mavuno huondoa potasiamu na fosforasi nyingi, samadi irudishwe kila mwaka, na mvua za kwanza ndio wakati wake.

Shamba lililotunzwa hudumu miaka kadhaa kisha hupungua. Hesabu mimea kwa ile fremu ya mita moja. Ikishuka chini ya 30 hivi, na nafasi zikajaa magugu, usimwagie mbegu mpya juu ya mimea ya zamani. Alfalfa iliyokomaa huacha ardhini vitu vinavyozuia miche ya alfalfa isiote vizuri. Lima, panda mahindi mwaka mmoja uvune naitrojeni iliyobaki, na mbegu mpya ya alfalfa uipeleke kwenye kitalu kingine.